Bi Siwatu Hakupatikana Alfajiri

"Kanga zangu umezitoa kwenye kamba, Chausiku, umezitupa juu ya mtaro. Nijibu kwanza hilo."

"Sikuzitupa, nimezitua. Na wala sijui najibizana na nani. Daftari la leo limetoka, liko kwenye simu ya kila mtu. Nyumba namba sitini na moja haina mtu. Asiyekuwepo haaniki nguo, shoga."

"Nisiyekuwepo ndiye niliyekupa chumvi jana?"

"Jana ulikuwepo, sikatai. Mimi si mtu wa dhuluma. Nazungumzia leo."

Juu yao, dirishani, Msabaha alikuwa akipiga mswaki. Alikuwa ametega sikio kama kawaida yake, maana ugomvi wa Bi Siwatu na Chausiku ndio uliokuwa chai yake ya asubuhi, na mara mbili alishacheka mpaka povu likamtoka puani. Aliposikia sitini na moja, mkono ulisimama. Akarudi nyuma polepole, akafunga dirisha, akameza dawa ya meno yote.

Alijua kilichotokea. Katika nchi nzima hakuna aliyejua vizuri kumshinda yeye.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ipo pale pale ilipo, na wananchi wake wanaipenda sana kila wanapoulizwa na mtu aliyevaa miwani ya giza. Zamani orodha ya watu wake iliandikwa mara moja kila miaka kumi, ikawa wafu wanajitokeza kupiga kura kwa nidhamu kuliko wazima. Wafadhili wakakunja uso. Ndipo serikali ikaunda Wizara ya Uwepo, na wizara ikaamuru kwamba Daftari la Waliopo lijengwe upya kila siku ya Mungu, saa kumi na moja alfajiri, bila mkono wa binadamu.

Mjenzi wa daftari hilo alikuwa skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kompyuta, iliyojiamsha yenyewe na kufanya kazi watu wakiwa wamelala. Aliyeiandika ni Msabaha. Kila alfajiri skripti iliuliza mitambo ya kata kupitia mtandao: nyumba ya kwanza ina mtu? Ya pili je? Ya tatu? Majibu yakikusanywa, daftari linajengeka, linatumwa kwenye simu, na siku inaanza.

Sasa mtambo wa kata ukishindwa kujibu una namna mbili za kushindwa. Kuna jibu namba mia nne na nne: kitu unachokitafuta hakipo. Na kuna jibu namba mia tano na tatu: nipo, lakini nimeelemewa, naomba ujaribu tena baadaye. Mtoto wa darasa la pili anaona tofauti. Msabaha alikuwa amelelewa na bibi yake, mwanamke aliyemfundisha kwamba mlango wa watu unabishiwa hodi mara tatu, na kati ya hodi na hodi unatulia, maana mwenye nyumba anaweza kuwa anaoga. Kwa hiyo aliandika mistari mitatu: ukijibiwa mia tano na tatu, subiri kidogo, uliza tena; ukijibiwa hivyo tena, subiri zaidi, uliza mara ya mwisho. Kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyepotea.

Mpaka siku aliyokuja kuikagua skripti, mbele ya Bunge, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kombwe, Waziri wa Uwepo.

"Nimeambiwa," Mheshimiwa alisema mbele ya kamera saba, "kwamba mashine ya Serikali, ikijibiwa vibaya, inasubiri. Kisha inauliza tena. Kisha inauliza tena. Ndugu wananchi, mchuuzi wa dagaa ndiye anayebisha hodi mara tatu. Serikali inauliza mara moja. Pili, naona hapa kosa linaitwa kosa la muda. Katika nchi hii hakuna kitu cha muda."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wamekaa ndani ya Bunge la muda, lililojengwa kwa mahema miaka ishirini na sita iliyopita, chini ya Katiba ya muda, na baadhi yao walikuwa wabunge wa muda tangu wakiwa na nywele nyeusi.

Mheshimiwa akamgeukia Msabaha, akamsogezea kipaza sauti. "Wewe ndiye fundi. Kuna ubaya gani tukiondoa huo ubishaji hodi, na kila jibu lisilokuwa 'yupo' liandikwe 'hayupo'?"

Msabaha alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, fupi tu, hata lisingezidi dakika moja. Akaziona kamera, akamwona mkurugenzi wake akikuna shingo kwa namna ya kuonya, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ni wazo zuri sana, Mheshimiwa."

Mistari mitatu ikafutwa jioni hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Daftari likaanza kumalizika dakika kumi na moja mapema, na Msabaha akapewa cheti cha Kasi. Alikitundika ukutani chumbani kwake, akakielekeza mlangoni ili mgeni akiingia akione kabla hajamwona yeye.

*

Sheria ilikuwa nyepesi: nyumba ikikosa mtu katika madaftari matatu mfululizo, mlango unapigiliwa mbao na nyumba inakuwa ya Serikali, kwa matumizi yatakayojulikana. Bi Siwatu, mjane wa miaka sitini na nane, alikuwa amezaliwa katika nyumba ile namba sitini na moja, akaolewa humo, akazika watu wawili kutokea humo. Hakuwa na pengine pa kwenda. Sufuria yake ilikuwa kubwa kuliko familia yake, maana mtaa mzima ulikuwa na tabia ya kupita pale saa saba mchana na kukumbuka kwamba una njaa. Msabaha mwenyewe, tangu ahamie mjini, alikuwa amekula humo mara nyingi kuliko kwake.

Siku ile ile ya kwanza ya kupotea kwake, saa nne, Bi Siwatu alifika wizarani na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na picha aliyopigwa na marehemu mumewe. Msabaha alimwona kupitia kioo cha ndani. Akajikuta amejibanza nyuma ya kabati la mafaili, mtu mzima, mwenye shahada.

"Nimekuja kusema kwamba nipo," alisema Bi Siwatu.

Dada wa mapokezi alimpokea kwa adabu zote. "Pole, mama. Malalamiko ya kutokuwepo yanapokelewa kutoka kwa mtu aliyepo. Wewe leo huumo."

"Basi nani atalalamika?"

"Utalalamika mwenyewe, ukisharudi. Kaa pale kwenye kiti, tafadhali. Kile ni cha wasiokuwepo, kina mto."

Bi Siwatu akakaa, akapumua. "Humu ndani yumo kijana wangu, jirani, anaitwa Msabaha. Huyo ananijua. Hebu niitie."

Simu ililia mezani kwa Msabaha, hatua sita kutoka kwenye kabati. Akaifikia kwa kuinama.

"Kuna mama anakuulizia. Anasema ni jirani."

Hapo ndipo angeweza kutoka. Angetoka tu, akasema shikamoo Bi Siwatu, njoo nikueleze, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alikumbuka cheti ukutani, akamkumbuka Mheshimiwa, akafikiria uso wa yule mama utakavyokuwa ukishaelewa.

"Mwambie sipatikani kwa sasa," alisema. "Ajaribu baadaye."

Dada wa mapokezi alikuwa mfanyakazi mwaminifu aliyesoma nyaraka zote. Akaweka simu chini, akamgeukia mama. "Hayupo."

Bi Siwatu aliitazama ile simu. Kisha akatazama kioo cha ndani, kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anayetazama kioo tu. Akakusanya karatasi zake, akaenda zake. Msabaha alibaki ameinama mpaka mgongo ukamuuma, na tangu saa ile hakuweza kumtazama mtu usoni, hata mlinzi wa geti.

*

Asubuhi ya pili walipotea sita, Chausiku akiwemo.

"Mimi?" Chausiku alisimama uani na kitambaa kichwani, simu mkononi. "Mimi niliyemchangia huyu Kombwe wao fulana za kampeni, mimi ndiye hayupo?"

"Usipige kelele, shoga," Bi Siwatu alimjibu akiwa anachambua mchele. "Watu watashangaa sauti inatoka wapi."

Kicheko kilipita nyumba hadi nyumba, lakini kilikuwa kicheko cha kutazamana. Hakuna aliyejua kesho ni zamu ya nani. Bi Siwatu peke yake ndiye aliyekuwa na siku moja tu mkononi.

Wizarani, furaha ilikuwa haina kifani. Takwimu zilikuwa zimeshuka kote kunakotakiwa kushuka. Waliolalamikia maji walipungua kwa theluthi. Foleni ya hospitali ilipungua kwa nusu, maana daktari hatibu mtu asiye kwenye daftari. Gazeti la Serikali liliandika kwamba kwa kasi hii, ndani ya miaka mitatu nchi haitakuwa na mwananchi hata mmoja mwenye shida.

Msabaha alitoka kazini kwa kisingizio cha jino. Siku hizi mbili alikuwa hapiti mbele ya nyumba namba sitini na moja. Alikuwa anazunguka kwenye uchochoro wa nyuma, kule kwenye mitaro, anaruka maji machafu na viatu vyake vya ofisini. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya kata. Mtambo wenyewe uliwekwa stoo, kati ya gunia la mkaa na bendera za sherehe zilizopita, na aliyeutunza alikuwa Bwana Mkanga, mzee mnene aliyekuwa akiupepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Mashine yangu nzima kabisa," Mkanga alisema, kama mtu anayemtetea mtoto wake shuleni. "Lakini hebu nawe fikiri, baba. Inapofika saa kumi na moja kamili, wizara kumi na nane zinaiuliza kwa mpigo. Uwepo, Maji, Elimu, Mifugo, wote pamoja, kama watu wa msibani wanaogombea birika moja. Itamjibu nani? Inajibu nyumba za mwanzo, ikifika kwenye hamsini na kitu inachoka, inasema subirini. Nyinyi hamsubiri. Mnaandika mtu hayupo, mnakwenda zenu."

"Na ukiiuliza saa kumi na moja na dakika saba?"

"Dakika saba? Ndugu yangu, saa hizo imekwisha kupumua, itakutajia mpaka jina la paka wa nyumba." Mkanga aliacha kupepea. "Zamani nyinyi wa Uwepo mlikuwa mnasubiri. Nilikuwa naona. Nikawa nasema, huyu aliyeandika kitu hiki kafundishwa nyumbani kwao. Sijui ni nani aliyekuja akaharibu."

Msabaha alisema kwamba hata yeye hajui. Akaaga, akajikwaa kwenye gunia la mkaa.

*

Saa tisa alasiri aliingia kwa Mheshimiwa akiwa amejiandaa kusema kweli. Alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima: Mheshimiwa, tulikosea, Mheshimiwa, mimi ndiye niliyekosea. Lakini Mheshimiwa alimpokea kwa mikono miwili, akamwonyesha lile gazeti, akamwita shujaa wa takwimu. Msabaha akaona kwamba kweli ikiingia ofisi ile itaambiwa ikae kwenye kiti chenye mto.

Akabadilisha maneno yakiwa tayari mdomoni.

"Mheshimiwa, nimeona upungufu. Skripti yetu haina heshima."

Mheshimiwa akaweka gazeti chini. "Haina heshima kwa nani?"

"Kwako. Mtambo wa kata ukishindwa kujibu, skripti yetu inaendelea na safari kama vile hakuna lililotokea. Mtambo umeikosea Serikali, na sisi tunapita tu. Napendekeza skripti isimame. Ikae kimya dakika nzima, kwa heshima ya jina lako."

Mheshimiwa aliinuka, akaenda dirishani, akaipa ofisi mgongo wake wa kihistoria. "Dakika moja?"

"Ya kwanza moja. Mtambo ukikosea tena, mbili. Ukikosea mara ya tatu, nne."

"Vizuri. Heshima haiwezi kupungua. Lazima iongezeke." Kisha akageuka ghafla, maana hakuwa mjinga kama alivyopenda kuonekana. "Na baada ya ukimya, swali linaulizwa tena?"

"Hasha, Mheshimiwa. Swali la Serikali haliulizwi mara mbili. Baada ya ukimya, jibu linapewa fursa ya kujirekebisha."

Kimya kilipita, cha kama nusu dakika, na bila shaka kilikuwa cha heshima.

"Hilo," alisema Mheshimiwa, "ndilo wazo langu la tangu zamani. Andika Waraka. Jina liwe Ukimya wa Kombwe. Na wewe, kijana, utapandishwa cheo. Tulikupa cheti kwa kasi, sasa tutakupa kwa kuchelewa."

Msabaha alirudi mezani kwake, akaandika upya mistari mitatu aliyoifuta, akaongeza hodi moja. Kazi ilimchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na hiyo ndiyo iliyomuumiza kuliko vyote. Siku mbili mama wa watu alihangaika na karatasi juani, na dawa yake ilikuwa ni kikombe kimoja cha chai.

*

Asubuhi ya tatu mafundi seremala wawili walikuwa mlangoni kwa Bi Siwatu tangu alfajiri, na mbao, na misumari. Mtaa mzima ulikuwa nje. Msabaha alisimama nyuma ya wote, karibu na ukuta, simu mkononi, jasho likimtiririka kwenye baridi ile.

Saa kumi na moja ikapita. Daftari halikutoka.

"Halijawahi kuchelewa," alisema seremala mkubwa. "Mimi nina amri ya kupigilia. Sina amri ya kusubiri."

Akapigilia ubao wa kwanza. Bi Siwatu alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka, anaonekana kupitia nafasi iliyobaki.

"Mama, toka basi, utafungiwa," Chausiku alimbembeleza.

"Nitoke wapi? Wamesema humu hamna mtu. Wapigilie, wasiogope, hakuna atakayeumia."

Ubao wa pili ukaingia. Watu wakaanza kusoma dua kimoyomoyo. Msabaha alihesabu: dakika moja, kisha mbili, sasa skripti inaingia kwenye zile nne. Kule stoo aliiona akilini ile mashine ikipepewa kwa kifuniko. Seremala aliuinua ubao wa tatu, na simu za mtaa mzima zikalia kwa pamoja.

Chausiku ndiye aliyesoma, kwa sauti ya kutangaza harusi. "Nyumba namba sitini na moja: yupo. Mmoja. Mwanamke." Akasogeza kidole. "Na mimi nipo. Jamani, nipo."

Vigelegele vikapaa. Mafundi waking'oa mbao zao wakauliza nani atatia saini ya misumari iliyopinda, hakuna aliyewasikia. Mara mtu mmoja akasoma chini ya daftari: kuanzia leo Serikali imeanzisha Ukimya wa Kombwe, uliobuniwa kwa ushirikiano na mtaalamu Msabaha. Basi ikawa balaa jingine. Wakamvuta kutoka ukutani, wakampiga mgongoni, Chausiku akamwita mwana wa watu, mkombozi wa mtaa, akasema alijua siku zote kijana huyu ana moyo. Msabaha alitamani ardhi impokee. Kila kofi la pongezi lilimwingia kama lilivyostahili kumwingia, ila kwa sababu isiyo yake.

Akajitoa kwenye mikono ya watu, akapanda chumbani kwake, akageuza kile cheti kikatazama ukuta.

*

Saa saba mchana harufu ya wali wa nazi na mchuzi wa samaki ilipanda mpaka dirishani. Nyumba ya Bi Siwatu ilikuwa imejaa mpaka kizingitini. Hata wale mafundi wawili walikuwemo, wanakula kwa aibu kidogo lakini wanakula. Msabaha alishuka. Safari hii alipita mbele. Alipofika kwenye ngazi ya mlango, ambako matundu ya misumari bado yalikuwa mabichi, akasimama.

Bi Siwatu akatoka na upawa mkononi.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba."

"Sikuja kula. Nimekuja kukuambia jambo. Ile skripti ni yangu. Ilikuwa inasubiri watu, nikaondoa kusubiri kwa sababu Waziri alinitazama. Siku ile wizarani nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya kabati. Hawa wanaonishukuru hawajui."

Alisema yote hayo akiangalia ule upawa. Ndani watu walikuwa wakicheka, Chausiku akisimulia kwa mara ya nne jinsi alivyoanza kujihisi mwepesi alipokuwa hayupo.

"Najua," alisema Bi Siwatu.

"Unajua?"

"Siku mbili unapita uchochoroni, unaruka mitaro na viatu vya kung'arisha. Mtu asiye na kosa hapiti kule, mwanangu. Hata paka wangu hapiti." Sauti yake haikupanda wala haikulainika. "Nimekukasirikia. Kesho nitakukasirikia tena. Nilikaa kwenye kile kiti nikajiuliza, kama huyu niliyempikia amesema hayupo, basi huenda ni kweli na mimi sipo."

Macho yalimwasha Msabaha, akayaacha yawashe.

"Nitawaambia wote," alisema mwishowe. "Sasa hivi."

"Utawaambia, tena mwenyewe, na Chausiku atakuchambua mpaka mifupa, nami sitamzuia." Bi Siwatu alisogea pembeni, akauacha mlango wazi. "Lakini utasema ukishashiba. Ukisimama mbele yao na njaa utatetemeka, wakuhurumie, na leo sitaki mtu akuhurumie. Ingia. Nawa mikono, kuna nafasi pale kati ya mafundi."